Karakana ndani ya sanduku: maoni yangu kuhusu seti ya kuchapia mabango

Nianze na hukumu, maana najua wengi wanaosoma maoni ya wateja wanatafuta jibu moja tu: ninunue au nisinunue? Nunueni, ila asinunue mtu mmoja peke yake. Fremu ni imara, skwiji (ule ubapa wa mpira wa kuvutia wino juu ya wavu) ni nzuri kuliko nilivyotegemea, wino unapita vizuri, taa inakatisha tamaa, na ile michoro waliyokwisha kutuchorea itupwe kabla hamjaizoea. Nyota nne kati ya tano. Ya tano wangeipata kama wasingejaribu kutuuzia na hasira yenyewe.

Mnijue kidogo, ili mjue nimeitumia kwa macho gani. Kazi yangu ya mshahara ni kuchora matangazo. Nakaa mbele ya kompyuta, nasogeza chupa ya shampuu kushoto, mteja anasema irudi kulia, nairudisha. Siidharau, inalipa kodi ya nyumba. Lakini kitu ninachokichora sijawahi kukishika mkononi. Nakiona kwenye simu ya mtu aliyeketi jirani yangu, naye anakirusha juu kwa kidole gumba kabla hakijafunguka vizuri. Jioni na siku za mapumziko niko na kikundi cha wafanya usafi wa maofisini wanaodai mikataba ya maandishi na malipo ya saa za ziada. Mimi si mfanya usafi. Nilijiunga kwa sababu wanaosafisha ofisi ninayofanyia kazi wamo humo, na walikuwa wanatafuta mtu anayejua kuchora. Seti tuliinunua kwa kuchanga, kila mtu alichonacho.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusingepeleka faili kwa mchapaji tukaletewa mabango yamefungwa kwenye bunda. Tulijaribu. Mchapaji mmoja alisoma maneno, akairudisha fulashi yetu mezani kwa vidole viwili, akasema mashine imeharibika. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake. Huenda alikuwa na wateja wa kuwaogopa, simlaumu sana. Ila siku hiyo niliacha kuiona seti hii kama mchezo wa kupotezea wakati.

Sanduku lenyewe ni la plastiki ngumu, lina mpini, na ubavuni wamechora ngumi nyekundu. Ndani mna fremu mbili za alumini zinazotosha bango la A3, wavu wake ni wa polista wenye nyuzi 43 kwa sentimita. Mna bawaba mbili zenye vibanio za kushika fremu kwenye meza, skwiji moja, chupa ya emulsheni, ile dawa ya majimaji inayoganda kwa mwanga, na kipakio chake, taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, karatasi za plastiki angavu, na wino wa maji wa rangi tatu: nyeusi, nyekundu, njano. Halafu kijitabu. Halafu bahasha ya stensili zilizokwisha kukatwa, nitaifikia.

Kwa asiyejua kazi hii inavyokwenda: wavu unapakwa emulsheni mahali penye giza, unaachwa ukauke. Juu yake unalaza plastiki yenye mchoro mweusi, unakandamiza kwa kioo, unawasha taa. Mwanga unaigandisha emulsheni, isipokuwa pale weusi ulipouzuia. Unaosha kwa maji, palipozuiwa panatoka, na hapo ndipo wino utakapopita. Karatasi chini, wino juu, unavuta skwiji mara moja kwa mkono usiotetereka, unanyanyua fremu. Bango. Karatasi nyingine. Bango.

Wazo la karakana inayobebeka si la hawa waliotuuzia. Wasanii wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni Gaborone, Botswana, pamoja na wenyeji na wageni wengine, walikuwa na kundi lililoitwa Medu, nao walianza kuchapa mabango kwa skrini, yaani kwa wavu kama huu wetu, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mabango yalivushwa mpakani kwa siri. Kuvusha bunda la karatasi kama hizo ni hatari, basi wakabuni seti nzima ya kuchapia inayoingia kwenye sanduku la safari na isiyohitaji umeme, ili watu wa ng'ambo wajichapie wenyewe. Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 jeshi la makaburu likaivamia Gaborone, likaua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji na nguzo ya Medu. Kundi halikuendelea baada ya hapo. Mimi nilipolipokea sanduku letu, lenye ngumi yake ubavuni na kijikaratasi cha kunipongeza kwamba sasa nimejiunga na mapambano, nilitamani aliyeandika kijikaratasi kile awe amewahi kusikia habari hiyo.

Sasa bahasha. Stensili nne: ngumi, kipaza sauti, njiwa, na mnyororo uliokatika. Zimekatwa kwa ustadi, sina ubishi. Nilizitazama kwa jicho la mtu wa matangazo na nikazitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya mchana: picha inayomfaa kila mtu, isiyomkera yeyote. Kwa ngumi ile ningeuza shampuu bila kubadilisha hata mstari. Haisemi ni jengo gani, haisemi anayedaiwa ni nani wala deni ni la nini. Mama mmoja katika kikundi chetu, mkubwa kwa umri kuliko sisi wote, aliishika stensili ya ngumi, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akaniuliza, "Mwanangu, huyu anampiga nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Chora mlango."

Mlango gani, mama? Akaeleza. Wao hawapiti mlango wa mbele wenye vioo. Wanapita wa nyuma, penye mapipa ya takataka, na mlango huo unafunguliwa saa kumi alfajiri kwa sababu ndoo lazima zijazwe, vyoo viwe vimekauka na sakafu isiwe na alama ya mguu kabla wenye ofisi hawajafika. Daftari la mahudhurio linafunguliwa saa kumi na mbili. Saa mbili hizo hazipo mahali popote, kwa yeyote, isipokuwa kwenye magoti yao.

Tukachora mlango. Mlango mdogo mweusi katikati ya karatasi nyeupe, pipa moja kando, na chini yake: "Tunaingia saa kumi. Mshahara unaingia saa kumi na mbili." Maneno si yangu, yalitoka kwa kijana anayesafisha lifti, aliyekuwa kimya muda wote. Mimi nilikuwa nimependekeza maneno mengine, ya kishairi zaidi, yakapigiwa kura, yakaanguka. Yaliniuma, nakiri, maana mtu aliyelipwa miaka kwa kuandika maneno ya kuvutia hapendi kushindwa na mtu wa lifti. Lakini ukiyasoma yake unaona kwa nini.

Ndivyo walivyofanya Paris mwaka 1968, tena kwa kiwango kikubwa. Wakati wa mgomo mkuu wa Mei, wanafunzi walikikalia chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts. Bango la kwanza walilichapa kwa litografia, uchapaji wa mchoro uliochorwa juu ya jiwe au bati, ikaonekana njia hiyo ni ya polepole mno, ndipo mchoraji Guy de Rougemont akawaletea skrini. Michoro ilibandikwa ikajadiliwa kwenye mkutano, wanafunzi pamoja na wafanyakazi, na iliyokubalika ikachapwa usiku huohuo. Hakuna aliyetia saini yake. Walikataa kuyauza mabango, wakasema kuyapamba ukutani kama vitu vya urembo ni kuyaharibia kazi yake. Leo yanapigwa mnada, na bei si ya mtu wa mgomo. Basi tena.

Kijitabu cha seti hii hakisemi lolote kuhusu mkutano. Kinaanza na "chagua mchoro wako", umoja, kama vile mchoro huchaguliwa na mtu mmoja akinywa kitu moto dirishani. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, kubwa kuliko taa. Sababu ni hii: vifaa vyenyewe vinakataa upweke. Jaribu kuchapa peke yako. Mkono uliovuta skwiji una wino, mkono huohuo unatakiwa uondoe bango bila kulichafua, ulianike, uweke karatasi mpya kwenye alama, ushushe fremu, na wakati unahangaika wino unakauka kwenye matundu ya wavu. Ukikauka, herufi zinaanza kukatika, na kuzizibua ni kazi ya maji na sifongo na subira. Wakiwepo watu wanne kila kitu kinabadilika. Mmoja anaweka karatasi, mmoja anavuta, mmoja anapokea, mmoja anaanika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Baada ya dakika chache hakuna anayeagiza mwenzake. Mikono inajua. Mazungumzo yanaanza, na si ya siasa mwanzoni. Ni ya mtoto aliyekataa shule, ya mgongo, ya msimamizi mpya anayenusa hewa kutafuta harufu ya dawa ya sakafu. Halafu bila mtu kufungua ajenda unasikia, "Kwani na ninyi wa jengo lile mlikatwa?" Walikatwa. Nao hawakujua kama na wengine walikatwa.

Nimehudhuria mikutano yetu mingi ya viti vilivyopangwa mistari, na sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa humo. Pale mbele panakaa wanaojua kusema. Kwenye kamba ya mabango wanasema wote, kwa sababu macho yako kwenye karatasi na hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

William Morris, yule Mwingereza mbunifu wa karatasi za ukutani na vitambaa aliyekuja kuwa mjamaa, alitoa mhadhara mwaka 1884 akisema kazi inayostahili kufanywa inabeba matumaini matatu: tumaini la kupumzika, tumaini la kupata kilichozalishwa, na tumaini la kuifurahia kazi yenyewe. Nimekuwa nikivipima vitu vyangu kwa kipimo hicho, na majibu hayanifurahishi. Kazi yangu ya mchana ina mapumziko, kilichozalishwa si changu wala sikioni, na furaha inakuja kwa bahati. Mfanya usafi anazalisha sakafu inayong'aa kwa nusu saa, kisha viatu vinaanza kupita juu yake, na aliyeing'arisha ameshatolewa kwa mlango wa nyuma. Kuchapa kwenye seti hii kunashinda kwa matumaini mawili ya mwisho waziwazi. Unamaliza, unageuka, na kazi yako inaning'inia pale, yote, imelowa bado, na kila aliyeigusa anaweza kuonyesha kwa kidole.

Tumaini la kwanza ndilo lenye shida, na hapa nawasema wenzangu wa harakati kuliko watengenezaji. Sanduku limeandikwa kwamba kutoka mchoro hadi bango ni saa moja. Si kweli. Emulsheni peke yake inaweza kuhitaji saa kadhaa kukauka kama hewa ni nzito, na bado hujaoshea, hujakausha tena, hujaziba vitundu vidogo kwa brashi. Sasa waiteni watu waliotoka kazini, ambao kesho wanasimama mlangoni saa kumi, muwaambie wavumilie kidogo kwa ajili ya ukombozi wao. Kaka mmoja alisinzia akiwa amekaa juu ya bunda la karatasi, kichwa ukutani, na mtu akataka kumwamsha ili aanike. Yule mama wa mlango akasema mwacheni. Akaongeza kwamba kama tunadai saa za watu zihesabiwe tuanze kuzihesabu hapa. Tangu hapo wavu unaandaliwa na sisi tunaolala usiku, siku moja kabla, na wengine wanakuja kuchapa tu, na taa zinazimwa mapema hata kama mabango hayajatosha. Kazi yenye maana ina ujanja wake wa kumnyonya mtu: inamfanya aone aibu kuchoka.

Morris mwenyewe, bidhaa zake nyingi ziliishia kwenye nyumba za matajiri, na jambo hilo lilimkera. Nililikumbuka nilipokuwa natafuta kwenye sanduku ni nani aliyelitengeneza. Kuna msimbo wa mistari, kuna onyo kwamba watoto wasimeze, kuna ngumi. Hakuna jina la kiwanda. Niliwaandikia wauzaji nikauliza kwa adabu fremu zinaunganishwa na nani na kwa masharti gani. Wakanijibu upesi sana, wakanishukuru kwa shauku yangu na kunipa punguzo kwa ununuzi wangu ujao. Nimelihifadhi jibu hilo. Niliwasomea wenzangu, wakacheka hadi wino ukamwagika.

Mtaniuliza kama mabango yamebadilisha chochote. Saa mbili za alfajiri bado hazilipwi. Mabango ya kwanza yalikwanguliwa ukutani, na aliyetumwa kuyakwangua alikuwa mfanya usafi, mwenzetu, aliyeyakwangua kwa uangalifu na kutuletea mawili yakiwa mazima. Bango halina uwezo wa kusaini mkataba. Kilichobadilika ni kwamba watu wa majengo yaliyokuwa hayajuani sasa wanajuana kwa majina, na barua ya madai iliyopelekwa safari hii imebeba saini za majengo yote badala ya moja. Najua ni wapi walikutana, nilikuwepo, nilikuwa navuta skwiji. Ninayemshuku ni msanii anayesema mchoro wake ndio uliofanya hivyo. Mchoro ulikuwa sababu ya kuja. Walioleta mabadiliko ni waliokuja.

Nirudi kwenye vifaa kabla sijasahau kwamba haya ni maoni ya mteja.

Fremu: hazipindi, hata baada ya kuangushwa. Wavu umekazwa sawasawa, ukiugonga kwa kidole unalia. Alumini ina faida kubwa juu ya mbao kwa kuwa inaoshwa kila mara na haivimbi.

Skwiji: mpini wa mbao, mpira wa ugumu wa kati, ukingo umenyooka. Ni pana kutosha kuvuta A3 kwa mara moja. Iosheni mara tu mnapomaliza, msiiache ikisimama juu ya mpira wake, itapinda na kila bango litakuwa na mstari.

Bawaba: vibanio vinalegea baada ya kuvuta kwa muda, na kikilegea kimoja rangi ya pili haikai juu ya ya kwanza. Tunabana kwa bisibisi kila tunapobadilisha bunda. Kitu kingine ambacho kijitabu hakisemi: wekeni vipande vya kadibodi chini ya pembe za fremu ili wavu usilale moja kwa moja juu ya karatasi. Uguse pale skwiji inapopita tu, kisha uruke. Bila hivyo bango linanata na ukingo wa herufi unavuja.

Taa: ndogo mno. Katikati inagandisha vizuri, pembeni haifiki, kwa hiyo ukiosha, emulsheni ya pembeni inaondoka na bango lako linapata mawingu yasiyotakiwa. Tumeiweka kabatini. Jua la mchana linafanya kazi hiyo kwa dakika chache na kwa usawa, mradi mfanye majaribio kwenye kipande kidogo kwanza. Na kama mchoro ni wa maumbo makubwa, achaneni na emulsheni kabisa: kateni stensili ya karatasi kwa wembe, ibandikeni chini ya wavu, inahimili mabango mengi kabla ya kulowa. Mlango wetu wa kwanza tuliuchapa hivyo. Stensili za karatasi zina uzuri mwingine, kila mtu anaweza kushika wembe, na mchoro unalazimika kuwa wa kweli kwa sababu hakuna nafasi ya madoido.

Wino: mweusi ni mweusi hasa. Mwekundu ni mwepesi, unahitaji kuvutwa mara mbili. Wa njano hatujaufungua.

Emulsheni: ikishachanganywa na unga wake wa kuhisi mwanga haikai muda mrefu, hasa penye joto. Changanyeni ile mnayoihitaji, andikeni tarehe kwenye chupa, ifichwe gizani. Dawa ya kuivua emulsheni kwenye wavu haimo kwenye sanduku, na bila hiyo fremu mbili zinakwisha kazi baada ya michoro miwili. Hilo ni la kushangaza kwa bidhaa inayojiita kamili.

Mtu anayetaka kupamba sebule yake, au kuchapa fulana moja ya zawadi, sanduku hili litamchosha bure. Fremu ndogo ya mbao inamtosha. Kikundi chenye mahali pa kukutania, maji ya bomba na kamba ndefu kitafaidi. Mnapoagiza, ulizeni kwanza kama wanauza wavu wa nyuzi 77. Huu wa 43 ni wa vitambaa zaidi. Kwenye karatasi unamwaga wino mwingi, karatasi inajikunja, na herufi ndogo zinajaa. Sisi tumeagiza mmoja, maana bango linalofuata lina orodha ya majengo, na majina yanazidi kuongezeka.